Mechi ni nyingi, macho ni mawili: Shabiki atayavuka vipi mafuriko ya kandanda runingani?

USIKU wa Jumatano, Januari 29, 2025, ilipotimia saa tano kamili kwa saa za Afrika Mashariki, mechi 18 za Klabu Bingwa Ulaya zilianza kwa mpigo. Timu zote 36 zilizokuwa zikishiriki kipute hicho zilikuwa uwanjani kwa wakati mmoja. Shabiki wa Kenya, awe Kisumu, Nyeri au Mombasa, alikuwa na macho mawili, rimoti moja mkononi, na kazi iliyokuwa ikimsubiri asubuhi. Bao alilolishuhudia likifungwa mjini mmoja lilimpita likifungwa jingine katika mji wa pili na wa tatu.

Usiku huo ulidhihirisha hali ambayo wapenzi wa kabumbu wameizoea hadi wakaacha kuishangaa. Kandanda ya runinga, ambayo zamani ilikuwa adimu kama mvua ya kiangazi, imegeuka mafuriko. Wazee wetu waliuliza iwapo mechi itaonyeshwa. Vijana wa leo huuliza waiache ipi. Makala haya yanaeleza mafuriko hayo yalitoka wapi, ni nani anayefaidika nayo, na jinsi shabiki anavyoweza kuyavuka bila kupoteza usingizi, mfuko na familia yake.

Hesabu ya saa

Tuanze na hesabu, kwa maana wengi hulalamikia wingi huu bila kuupima. Ligi Kuu ya Uingereza (EPL) ina timu 20, na kila timu hucheza mechi 38. Jumla ni mechi 380 kwa msimu. Mechi moja, ukijumlisha dakika 90, mapumziko ya dakika 15 na muda wa fidia, hula takriban saa mbili. Anayetaka kuzitazama zote anahitaji saa 760, yaani zaidi ya siku 31, usiku na mchana, bila kupepesa jicho. Akizihesabu kwa siku ya kazi ya saa nane, atakuwa amefanya kazi siku 95 bila mshahara.

Hiyo ni ligi moja. Ligi kuu za Uhispania na Italia nazo zina mechi 380 kila moja. Za Ujerumani na Ufaransa, zenye timu 18, zina mechi 306 kila moja. Ligi hizo tano pekee huzaa mechi 1,752 kwa msimu, ambazo ni zaidi ya saa 3,500. Na bado hatujagusa Klabu Bingwa Ulaya, vikombe vya mchujo, mechi za timu za taifa, wala ligi kuu ya hapa Kenya ambayo, kwa timu zake 18, ina mechi 306 za kwake.

Ni wazi basi kwamba hakuna binadamu anayeweza kufuatilia yote. Kila shabiki huchagua, apende asipende. Tofauti ni kwamba mmoja huchagua kwa mpango, na mwingine huchaguliwa na rimoti pamoja na usingizi unaomwangusha kitini.

Enzi za uhaba

Kabla ya miaka ya 1990, mwenye runinga nchini Kenya alikuwa na stesheni moja tu, Sauti ya Kenya (VoK), ambayo mwaka 1989 ikawa KBC. Stesheni ya kwanza ya kibinafsi, KTN, ilianza mwaka 1990. Wengi waliifuata kandanda kwa masikio. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyeaga dunia mwaka 2025, aliwachorea wasikilizaji uwanja mzima kwa sauti, na mtu aliweza kuendelea kulima au kukama ng'ombe huku akijua mpira umefika wapi.

Aliyetaka kuiona mechi kwa macho alikwenda uwanjani. Mnamo Desemba 1987, Gor Mahia ilipotoka sare ya 1-1 na Esperance ya Tunisia ugani Kasarani na kutwaa Kombe la Washindi barani Afrika kwa sheria ya mabao ya ugenini, baada ya sare ya 2-2 mjini Tunis, waliojaa uwanjani hawakuwa na chaguo jingine la kuwashawishi wabaki nyumbani.

Hata Uingereza kwenyewe mechi za runinga zilikuwa chache. Katika msimu wa 1992/93, wa kwanza wa ligi kuu kwa sura yake ya sasa, mechi 60 tu ndizo zilizoonyeshwa moja kwa moja. Katika mkataba ulioanza msimu wa 2025/26, idadi hiyo imefika takriban 270.

Hapa kwetu, madishi ya setilaiti yalifungua mlango, na vibanda vya video vikaueneza ugonjwa huo mtamu hadi vituo vya biashara vijijini, ambako mtu hulipa sarafu mbili tatu na kuketi kwenye benchi la mbao. Mwaka 2015 nchi ilihamia matangazo ya dijitali, na ving'amuzi vikaingia katika nyumba nyingi zaidi. Kisha simu ya mkononi ikaja na kumletea shabiki mechi ndani ya matatu na hata kitandani.

Kulikuwa pia na sababu ya moyoni. McDonald Mariga alipokuwa katika kikosi cha Inter Milan kilichotwaa Klabu Bingwa Ulaya mwaka 2010, na nduguye Victor Wanyama alipojiunga na Southampton mwaka 2013 na kuwa Mkenya wa kwanza kucheza EPL, ligi za ughaibuni zilianza kuonekana kama zetu.

Kwa nini mechi zinazidi?

Jibu fupi ni pesa. Mwaka 1992, haki za kuonyesha ligi kuu ya Uingereza nchini humo ziliuzwa kwa pauni milioni 304 kwa misimu mitano. Mkataba ulioanza mwaka 2025 ni wa pauni bilioni 6.7 kwa misimu minne. Ukigawanya kwa mwaka, thamani hiyo imepanda zaidi ya mara 27. Kampuni inayolipa kiasi hicho haiwezi kukubali mechi zote zichezwe saa moja, kwa sababu mtazamaji mmoja angetazama moja tu na nyingine zingekuwa hasara. Ndiyo maana mechi za wikendi hutawanywa kuanzia Ijumaa usiku hadi Jumatatu usiku, kila moja ikiwa na nafasi yake ya kuuziwa matangazo.

Waandalizi wa mashindano nao wamefuata mkondo huo huo. Klabu Bingwa Ulaya ilikuwa na timu 32 na mechi 125. Tangu msimu wa 2024/25 ina timu 36 na mechi 189. Kombe la Mataifa ya Afrika lilikuwa na timu 16 na mechi 32. Tangu mwaka 2019 lina timu 24 na mechi 52. Kombe la Dunia la mwaka 2022 nchini Qatar lilikuwa na mechi 64. La mwaka 2026, kule Marekani, Kanada na Mexico, lilipangiwa timu 48 na mechi 104. Mwaka 2025, FIFA iliandaa pia Kombe la Dunia la Vilabu lenye timu 32 na mechi 63, katika miezi ya Juni na Julai ambayo zamani ilikuwa likizo ya mchezaji na ya shabiki pia.

Wachezaji wenyewe wameanza kulia. Mnamo Septemba 2024, kiungo Rodri wa Manchester City alionya kwamba wanasoka walikuwa wamekaribia kugoma kwa sababu ya wingi wa mechi. Siku chache baadaye aliumia vibaya goti katika mechi dhidi ya Arsenal. Mwezi uliofuata, chama cha wachezaji cha FIFPRO pamoja na muungano wa ligi za Ulaya waliwasilisha malalamishi dhidi ya FIFA mbele ya Tume ya Ulaya kuhusu kalenda ya mechi. Ikiwa anayelipwa mamilioni kwa kucheza anasema amechoka, anayelipa ili atazame hana haja ya kuona haya akisema vivyo hivyo.

Uingereza hulinda viwanja vyake, sisi je?

Lipo jambo moja ambalo mashabiki wengi hapa nchini hawalijui. Mechi za EPL zinazoanza saa tisa alasiri ya Jumamosi, kwa saa za Uingereza, haziruhusiwi kuonyeshwa moja kwa moja katika runinga za nchi hiyo. Desturi hiyo ilianza miaka ya 1960, na kanuni za UEFA bado zinayapa mashirikisho ya soka nafasi ya kuchagua saa mbili na nusu za wikendi ambapo kandanda haipeperushwi. Lengo lake ni kuvilinda vilabu vidogo: shabiki asikae sebuleni akitazama Liverpool ilhali timu ya mtaa wake inacheza mbele ya viti vitupu.

Mechi hizo hizo zilizofungiwa Waingereza huonyeshwa hapa Kenya bila kizuizi. Kwa hivyo Mkenya mwenye kifurushi cha kutosha anaweza kuona mechi nyingi za ligi ya Uingereza kuliko Mwingereza mwenyewe. Waama, hilo linaonekana kama neema, lakini lina upande wa pili. Mechi ya kwanza ya Jumamosi kule Uingereza huanza saa sita u nusu mchana. Hapa kwetu hiyo ni saa nane u nusu au saa tisa u nusu alasiri, ambapo aghalabu timu zetu nazo ziko uwanjani. Uingereza imevijengea viwanja vyake ua dhidi ya runinga yake yenyewe. Vyetu havina ua wowote, na runinga inayovimeza inatoka kwao.

Wanaosimamia kandanda ya hapa nao wamekuwa na misukosuko ya runinga. Mwaka 2017, SuperSport ilijiondoa katika ligi kuu ya Kenya kufuatia mzozo wa kuongeza timu kutoka 16 hadi 18. Huko Ulaya kuongeza mechi kulileta pesa; hapa kulizifukuza. Kwa miaka iliyofuata, shabiki aliyetaka kuona Gor Mahia au AFC Leopards mara nyingi alilazimika tena kufanya alivyofanya babake: kwenda uwanjani.

Gharama isiyoandikwa kwenye risiti

Ada ya king'amuzi ya kila mwezi inajulikana. Gharama nyingine ndizo zisizoonekana mara moja.

Ya kwanza ni usingizi. Mechi za katikati ya wiki za Klabu Bingwa Ulaya huanza saa nne usiku Ulaya inapokuwa katika majira ya joto, na saa tano usiku inapokuwa baridi. Mechi ya saa tano huisha karibu saa saba usiku. Ikiwa ni ya mchujo na ikaingia muda wa nyongeza na penalti, shabiki atalala saa nane. Anayeamka saa kumi na moja ili awahi matatu ya kwenda kazini atakuwa amelala saa tatu. Afanye hivyo Jumanne na Jumatano, na dereva, mwashi au muuguzi huyo atakuwa hatari kwake na kwa wenzake.

Ya pili ni amani ya nyumbani. Nyumba nyingi zina runinga moja. Baba anapoikalia kuanzia Jumamosi alasiri hadi Jumapili usiku, watoto hujifunza kwamba wikendi si yao, na mama huona kwamba mazungumzo yote yamesogezwa hadi baada ya kipenga cha mwisho, ambacho hakifiki.

Ya tatu ni kamari. Shabiki wa timu moja ana mechi moja ya kumtia wasiwasi. Aliyebashiri matokeo ya mechi 10 katika mkeka mmoja amejifunga kufuatilia mechi 10, zikiwemo za ligi ambazo hajui hata mchezaji mmoja wake. Kwa wengi, wingi wa mechi haukuletwa na mapenzi ya soka. Uliletwa na deni lililowekwa juu ya matokeo yake. Anayetaka kupunguza mechi na aanzie hapo.

Namna ya kuchagua

Hatua ya kwanza ni kuwa na timu moja, na kuifuata vyema. Timu inayoshiriki ligi, vikombe vya nyumbani na mashindano ya Ulaya inaweza kufikisha mechi 60 kwa msimu. Hizo ni saa 120 katika miezi 10, wastani wa saa tatu kwa wiki. Mtu mwenye kazi na familia anaweza kuzimudu saa hizo.

Ya pili ni kugawa mechi zilizosalia katika mafungu matatu: za kutazamwa moja kwa moja, za kutazamwa kwa muhtasari, na za kusoma matokeo tu. Muhtasari wa dakika 10 hutosha kwa mechi nyingi. Ukijiuliza mwezi mmoja baadaye ni mechi ngapi unazozikumbuka kati ya ulizotazama, utaona kwamba fungu la kwanza linapaswa kuwa dogo.

Ya tatu ni kuelewa mashindano yenyewe, kwa kuwa mechi hazina uzito sawa. Katika mfumo mpya wa Klabu Bingwa Ulaya, kila timu hucheza mechi nane za awali. Nane bora hufuzu moja kwa moja kwa hatua ya 16-bora, zinazoshika nafasi ya 9 hadi 24 hupitia mchujo wa ziada, na 12 za mwisho huaga. Timu kubwa ikipoteza Septemba bado ina muda tele wa kujirekebisha. Mwenye kulala usiku wa Septemba na kukesha usiku mmoja wa Aprili hajakosa mengi. Kadhalika, siku ya mwisho ya EPL, mechi zote 10 huanza kwa wakati mmoja ili timu yoyote isicheze ikijua matokeo ya nyingine. Hiyo ni siku ya kuketi. Jumatatu usiku ya Novemba si lazima iwe.

Ya nne ni kuijua saa. Wazungu husogeza saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, lakini sisi hatusogezi. Mechi iliyokuwa ikianza saa kumi na moja jioni huhamia saa kumi na mbili, na ile ya saa nne usiku huwa saa tano. Asiyezitia alama siku hizo mbili katika kalenda hukaa saa nzima akitazama wachambuzi. Mashindano ya mabara mengine yana saa zake pia. Qatar mwaka 2022 ilikuwa na saa sawa na zetu, na mechi nyingi zilichezwa mchana na jioni. Za Amerika Kaskazini mwaka 2026 nyingi zilipangwa saa ambazo hapa ni usiku wa manane na alfajiri. Kwa mashindano kama hayo, kuchagua mapema ni lazima.

Ya tano ni kuafikiana nyumbani kabla ya kipenga cha kwanza. Ratiba ya mwezi ikibandikwa ukutani na mechi nne au tano zikizungushiwa kalamu, kila mtu anajua runinga ni ya nani na lini. Ugomvi mwingi wa wikendi hutokana na mechi ambazo hazikutajwa.

Ya sita ni kuikumbuka redio. Mechi ya fungu la pili inaweza kufuatwa kwa sikio huku mikono ikifua, ikipika au ikitengeneza baiskeli. Sikio halimfungi mtu kwenye kiti.

Nafasi ya uwanja wa nyumbani

Katika ratiba hiyo, alasiri moja kwa mwezi inastahili kuachiwa uwanja wa karibu. Hili si ombi la huruma kwa timu zetu. Mechi ya uwanjani haina rimoti. Mtu hawezi kuikatiza aone kinachoendelea Madrid, na kwa hivyo huiona yote, kuanzia mlinda lango anayepiga kelele kwa mabeki wake hadi winga aliyesahau kurudi nyuma. Ndiko anakojifunza shabiki kuusoma mchezo ambao kamera humkatia vipande.

Mashindano ya CHAN yaliyoandaliwa kwa pamoja na Kenya, Uganda na Tanzania mnamo Agosti 2025 yalionyesha hilo linawezekana. Jumapili, Agosti 17, Harambee Stars waliizamisha Zambia 1-0 alasiri ugani Kasarani na kuongoza kundi lililokuwa na Morocco na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Jioni ya siku hiyo hiyo, Arsenal waliichapa Manchester United 1-0 ugani Old Trafford. Aliyejipanga aliziona zote mbili, moja kwa macho yake na nyingine kwa runinga. Siku tano baadaye, Madagascar walipowabandua Stars kwa penalti katika robo fainali, Wakenya waliumia kwa namna ambayo kipigo cha klabu ya Ulaya hakiwezi kuwaumiza.

Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027 limepangiwa nchi hizo hizo tatu, na mechi zake 52 zitaingia katika kalenda ambayo tayari imefurika. Mashirikisho yataendelea kuongeza, na runinga zitaendelea kuuza. Anayeweza kusema imetosha ni shabiki peke yake, na asemapo hivyo hapunguzi mapenzi yake kwa kandanda. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na kwa mpenzi wa kabumbu, ngama hiyo ni timu yake, nyumba yake na uwanja wa mtaa wake.